Suruali Iliyolegea

Jumatatu, 3 Machi

Nesi wa lishe amenipa daftari hili kwa sharti moja: kila kinachopita mdomoni nikiandike. Nikamwuliza kama mambo mengine nayo yanaruhusiwa. "Andika hata ndoto zako, baba, mradi chakula kiwemo," akasema. Haya. Asubuhi chai ya maziwa, tamu ya kukwama kooni, na mkate nusu na siagi. Mchana wali na nyama, nikaongeza. Alasiri soda na keki mbili. Jioni wali tena, wa mama, na mama hajui kupakua kidogo.

Sasa nieleze kwa nini fundi cherehani mwenye mvi anaandika alichokula kama mtoto wa chekechea. Figo za mdogo wangu wa kike zimekufa, zote mbili. Mara tatu kwa wiki anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na daktari amesema wazi kwamba mashine ni ya kusukuma siku tu. Anachohitaji ni figo ya mtu. Tulipimwa. Mama umri umempita. Shemeji yangu, mumewe, damu yake haikukubaliana na ya mkewe. Mimi nililingana naye kila kitu, mpaka daktari akatabasamu. Kisha akanitazama tumbo, na tabasamu likaisha. Kwa uzito huu hawezi kunipasua. Naweza kufia mezani, na nikipona, figo moja itakayobaki haitaliweza jitu zima. Nipungue kilo kumi na tano. Amenipa mpaka mvua ziishe, na nikishindwa hatagusa kisu.

Tulipokuwa tunatoka mdogo wangu alinishika mkono. "Kaka, kilo kumi na tano ni mfuko wa mchele tu. Utautua."

Nikamwambia ajue nimeshautua. Machozi yalinitoka palepale koridoni, mbele ya wafagiaji.

Jumanne, 4 Machi

Chai bila sukari. Mkate kipande kimoja. Mchana samaki na mboga. Njaa iliniuma mpaka nikakata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Mpwa wangu, binti pekee wa mdogo wangu, amejiteua kuwa kocha. Amemaliza shule, anasubiri kuanza chuo, hana kazi ila kunisumbua. Ni mwembamba hivi kwamba dukani kwangu tunamwita Sindano. Leo amegonga dirisha jua halijatoka. "Mjomba Puto! Toka, au niite majirani?" Tukatembea hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Mimi nilihema mpaka nikamwonea huruma anayenisikia. Yeye alitembea kinyumenyume mbele yangu akipiga soga, haangalii hata mashimo. Nilitamani aanguke kidogo tu. Hakuanguka.

Chakula: nimefuata masharti. Naapa.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza. Hatukutembea.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Hatukutembea.

Jumatatu, 17 Machi

Haikunyesha, ila njia imejaa matope. Sindano alikuja na mabuti. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba nina mafua. Hatukutembea.

Jumatano, 19 Machi

Mvua ikinyesha wateja hawaji, na umeme ukikatika hata zile kazi zilizopo zinalala. Nimekaa dukani tangu asubuhi nikitazama maji yakishuka mbele ya mlango. Mikono yangu ikikosa kitambaa inatafuta kitu kingine cha kushika, na duka la jirani linauza biskuti. Pakiti ya kwanza nilisema nanunulia wateja. Muuzaji hakuwa ameniuliza. Ya pili sikusema kitu. Karatasi zake nimezificha kwenye gunia la vipande vya nguo, chini kabisa, kwa sababu Sindano hupita mchana na ana macho ya polisi.

Jana na juzi nazo nilikula biskuti, sikuandika. Naandika leo.

Jumapili, 23 Machi

Nilikwenda kumwona mdogo wangu. Uso umekonda, miguu imevimba. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na hajashika chaki tangu mwaka jana. Mezani ana kikombe kidogo cha plastiki, cha mtoto. Ndicho maji yake ya siku nzima, maana figo hazitoi kitu na kila tone linabaki mwilini. Alipiga funda moja, akakifunika kwa kisahani, akakisukuma mbali. Nikamwuliza anawezaje. Akacheka. "Siwezi, kaka. Naogopa tu."

Shemeji akaniletea soda baridi, inatoka jasho. Nikasema hapana, asante. "Kunywa bwana," akasema mdogo wangu, "usijitese kwa sababu yangu, mimi nimezoea kuangalia." Nikainywa. Niliimaliza yote, naye ananiangalia koo linavyopanda na kushuka. Njiani nilijichukia hata nikaona heri nirudi kwa njia ya mbali nitembee kidogo, na kwenye hiyo njia ya mbali kuna mtu anakaanga viazi.

Jumatano, 26 Machi

Duka la dawa lina mizani. Nilivua viatu, nikavua mkanda, nikatoa hata funguo mfukoni. Muuzaji akasoma namba kwa sauti ya mnadani, na wanawake waliokuwa wamejikinga mvua barazani wakageuka wote. Sikupungua hata nusu kilo. Mmoja wao akasema, "Afya hiyo, baba." Akamaanisha wema, nadhani.

Sirudi pale. Mimi ni fundi, nina mizani yangu, nayo ni suruali. Miaka yote hii sijaona nguo ikimkosea mtu.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua. Hatukutembea.

Tangu mke wangu aondoke naishi na mama, au mama anaishi nami, inategemea unamwuliza nani. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi. Macho bado yanamruhusu kushona kwa mkono, kwa hiyo pindo na vifungo vya duka langu vyote hupita kwake, na nguo zangu hufua na kupiga pasi mwenyewe, hataki mtu aziguse. Leo nilimwomba anipakulie nusu. Akapakua nusu. Nikala, akakaa anaitazama sahani tupu kama imemkosea adabu.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba, mama."

"Uso wako haujashiba."

"Mama, daktari amesema..."

"Daktari hajakuzaa." Akaongeza kijiko. "Hiki ni cha uso."

Kijiko chenyewe ni upawa. Nilikula cha uso, na cha shingo, na cha masikio. Kumkatalia mama chakula sijawahi kujifunza, na sitaki kusema uongo, leo sikujaribu sana.

Alhamisi, 10 Aprili

Suruali imelegea!

Nimevaa ile ya kijivu asubuhi, vidole viwili vikaingia kiunoni bila kusukuma. Nikaivua, nikaivaa tena, vikaingia tena. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mama akachungulia. "Kuna nini?" Nikamwonyesha. Akaanza kigelegele, akajiziba mdomo kwa kiganja. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona hivyo. Kumbe kile kidogo ninachojinyima kinafanya kazi! Mchana nimejipongeza kwa kuku wa kukaanga, nusu tu. Nusu nyingine nimeimalizia jioni isije ikaharibika.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Hatukutembea. Suruali nyeusi nayo imelegea.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkanda bado uko kwenye tundu lilelile. Lakini mkanda ni wa ngozi, na ngozi hunywea kwa unyevu wa mvua. Kila fundi anajua.

Jumapili, 27 Aprili

Nimempelekea mdogo wangu habari, nimevaa ile ya kijivu makusudi. Nikavuta kiuno mbele yake ili aone nafasi iliyobaki. Akanitazama, akaitazama suruali, akaanza kulia na kucheka pamoja. Jioni hiyohiyo, nikiwa bado nipo, akampigia simu mwalimu mkuu. "Muhula wa tatu nitakuwepo," akamwambia. "Usimpe mtu darasa langu." Anataka darasa lake lilelile, la watoto wanaoanza kusoma. Alishaandaa hata begi la hospitali, limesimama nyuma ya mlango.

Sindano alinizunguka mara moja, mikono kiunoni. "Mjomba, mbona mbele ni kulekule?"

Mama yake akamkemea. Mimi nikasema mafuta hutoka nyuma kwanza. Sijui nililitoa wapi, lakini wote waliitikia kwa kichwa.

Jumanne, 6 Mei

Leo jua limetoka na umeme ulikuwepo. Nikaamua nijipunguzie ile ya kijivu, maana imeanza kuning'inia nyuma. Nikaigeuza ndani nje, nikaiweka kwenye mwanga wa mlango.

Suruali nzuri huachiwa ziada ya kitambaa kwenye mshono wa nyuma, ili mwenyewe akinenepa fundi ampanulie. Suruali hii niliishona mimi, na ziada niliiacha mimi. Haipo. Imetumika yote. Mshono wangu wa mashine umefumuliwa, na pembeni yake umepita mshono wa mkono, mdogo, safi, umelala upande wa kushoto. Mama hushona kwa mkono wa kushoto. Sijui mtu mwingine yeyote ambaye mshono wake hulala upande ule. Nimeutazama tangu sina meno ya mbele.

Nikafunga duka, nikaenda nyumbani, nikafungua kabati. Nyeusi, vilevile. Ya kutokea, vilevile. Hata kaptura ya kulalia ametia mpira mpya.

Nilikaa kitandani. Kumbe sikupungua chochote. Pengine nimeongezeka, na sikujua kwa sababu kila nilipoongezeka nguo ilinipisha. Mama alikuwa uani anaanua nguo, namsikia anaimba kwa pua. Nilipaswa kutoka nimwulize papo hapo. Nilipaswa kumpigia mdogo wangu. Kulikuwa bado na karibu mwezi mzima mbele yangu, na mwezi wa kweli ungeweza kutoa kitu cha kweli, hata daktari akaona nia akaniongezea muda. Yote haya niliyajua nikiwa nimekaa pale, akili timamu kabisa.

Nikaikunja suruali, nikairudisha mahali pake. Mama aliponiita kula nilikwenda. Akasema nazidi kukonda. Nikamshukuru.

Kesho nitasema.

Jumatano, 7 Mei

Sikusema.

Ijumaa, 9 Mei

Sikusema. Mvua. Keki.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeanza upya, kimyakimya. Maji na matango. Nikifaulu, hakuna atakayejua kulikuwa na kitu.

Jumanne, 13 Mei

Nimeacha.

Jumatatu, 19 Mei

Nimeanza upya.

Jumatano, 21 Mei

Nisiulizwe.

Jumamosi, 24 Mei

Mdogo wangu amelazwa. Mshipa wa mkono uliokuwa ukiunganishwa na mashine umeziba. Wamehamia shingoni, na daktari anasema shingoni si mahali pa kukaa muda mrefu. Nilikaa naye alasiri nzima. Hakuniuliza habari za uzito. Ana hakika nami. Alinisimulia ndoto, eti alikuwa anakunywa maji kwenye bomba la shule, kwa viganja, mpaka gauni likalowa kifuani. Nikamwambia avumilie, zimebaki siku chache.

Kisha nikatoka, nikanunua mkate, nikaula mzima nimesimama nyuma ya stoo ya hospitali, mkavu, bila hata maji, huku nalia. Sikuwa na njaa. Hilo naliandika kwa herufi zinazosomeka: sikuwa na njaa hata kidogo.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zimeisha. Daktari alituita wote: mdogo wangu kwenye kiti cha magurudumu na mrija shingoni, shemeji, Sindano, mama na mimi. Nilivaa ile ya kijivu. Hata leo asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikavuta kiuno, nikajipa moyo.

Nesi akanionyesha mizani. Nilifungua kamba za viatu polepole, kama mtu aliyesahau jinsi zinavyofunguliwa. Mama alikuwa anatazama dirishani. Namba ikayumba, ikatulia. Nesi akaitazama, akatazama faili, akaitazama tena. "Baba, hebu shuka halafu upande upya." Nikashuka, nikapanda. Ilikuwa ileile. Nimeongezeka kilo nne tangu Machi.

Daktari hakufoka. Alivua miwani, akasugua macho. "Kumetokea nini?"

Shemeji ndiye aliyejibu, maskini. "Lakini suruali zake zinamvuka, daktari. Sote tumeona."

"Mimi sipimi suruali," daktari akasema.

Wote wakanigeukia. Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema, na nadhani hautatokea tena mwingine mzuri kama ule. Nikafungua mdomo. "Nimejinyima sana, daktari," nikasema. "Mwili umekataa." Mama akakohoa, akatafuta leso kwenye mkoba.

Nikaomba mwezi mmoja. Daktari akasema mishipa ya mgonjwa haina mwezi wa kuchezea, na kilo hizo hazitoki kwa mwezi mmoja mtu akabaki salama. Akafunga faili langu, akaliweka juu ya mengine. Basi. Hivyo tu. Nilidhani jambo kubwa namna ile lingechukua muda zaidi.

Mdogo wangu akanyoosha mkono kutoka kwenye kiti, akashika vidole vyangu. "Umejitahidi, kaka. Mwili ukikataa umekataa. Wangu nao si umekataa?"

Laiti angenitukana. Nilimsukuma kwenye kiti chake hadi wodini, nikimwangalia utosi, na neno moja la kweli halikunitoka njia nzima.

Jumanne, 3 Juni

Nimeiweka suruali mezani mbele ya mama, ndani nje. Hakujitia hamnazo. Akapitisha kidole juu ya mshono wake.

"Umejua lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Na hukusema."

"Nawe hukusema, mama."

Akakaa. Alichukua muda mrefu kupanga mikono yake mapajani. "Ulikuwa unarudi jioni uso umeanguka. Nikasema nikuachie nafasi kidogo kiunoni, upate moyo, ukishapata moyo utaendelea mwenyewe. Siku ile ulicheka. Nilikuwa na miaka sijakusikia unacheka ndani ya nyumba hii."

"Na baada ya siku ile?"

Akaigeuza suruali upande wa pili.

"Mama, nyeusi nayo. Ya kutokea. Kaptura."

"Nina watoto wawili," akasema. "Mmoja yuko kwenye mashine. Wa pili wanataka kumlaza kando yake wamfungue, mzima wa afya. Sikutaka yule afe, usinitazame hivyo. Nilisema labda itapatikana ya mtu mwingine. Ya mtu nisiyemjua." Akaisukuma suruali kando. "Nikasema ukishindwa, umeshindwa tu, hakuna mwenye kosa."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga tangu jana. Yalinikauka. Alipanua kiuno, kweli, lakini mkate wa nyuma ya stoo sikulishwa na mtu, na zile karatasi kwenye gunia si yeye aliyezificha. Siku zote nimemwona mama kama mtu asiyeogopa kitu. Leo nimemwona mwanamke mzee anayeshona usiku na mchana ili mtoto wake asikatwe, na sikujua nimpe pole au nimkimbie.

Jumamosi, 14 Juni

Figo imepatikana. Si ya mtu tusiyemjua.

Siku ileile ya mizani, tuliporudi sisi, Sindano alibaki hospitali akapimwa, jambo ambalo mama yake alimkataza tangu mwanzo. Hakumwambia mtu. Leo majibu yametoka, amelingana na mama yake. Mdogo wangu amepiga kelele wodini kwamba heri afe yeye kuliko mtoto wake kuguswa, na mtoto wake akamsubiri amalize, akamfuta uso, akamwambia tarehe. Mama alipopata habari aliketi sakafuni jikoni, akakataa kuinuliwa.

Nikamfuata Sindano uani kwao, anaanika shuka za mama yake.

"Wewe ni mtoto."

"Mjomba, nina miaka ishirini."

"Una maisha mbele yako. Utaolewa, utabeba mimba..."

"Daktari ameniambia yote. Amenichorea mpaka picha." Akabana shuka kwa kibanio, akanigonga bega. "Acha kujilaumu bwana. Kama mwili wako ungekubali, ungetoa wewe. Kila mtu anajua."

Nikamsaidia kukunjua shuka iliyobaki.

Jumanne, 24 Juni

Natembea kila asubuhi sasa, peke yangu, hadi kwenye tangi na kulipita. Njia imekauka. Sili dukani. Nimelimwaga lile gunia lote kwenye pipa la taka. Leo nilirudi duka la dawa, muuzaji akasoma namba kwa sauti yake ileile ya mnadani, nami sikujali nani anasikia. Nimepungua kilo tatu.

Nikaenda moja kwa moja kwa daktari, bila miadi, nimeshika karatasi yenye namba. Akaisoma akiwa amesimama. "Hongera," akasema. "Endelea hivyohivyo, kwa ajili ya afya yako." Akaniuliza kama nina swali jingine. Sikuwa nalo. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaniuliza namsubiri nani.

Ijumaa, 4 Julai

Nianze na la maana. Walipasuliwa juzi, wametoka wazima wote wawili. Daktari anasema figo ilianza kazi kabla hawajamaliza kufunga. Mdogo wangu ana rangi ambayo sijaiona usoni pake mwaka mzima. Shemeji anasalimia hata watu asiowajua. Sindano ana maumivu upande ule waliomkata, analala sana, na akiamka anauliza mama yake amekojoa kiasi gani.

Lakini nataka kuandika asubuhi ya juzi, maana nikichelewa nitaanza kuipamba.

Niliingia chumbani mwake kabla hawajaja kumchukua. Alikuwa ameketi kitandani na gauni la hospitali lililompwaya, amejikumbatia tumbo.

"Mjomba, sijala tangu jana. Hata maji wamekataa." Akakunja uso. "Kumbe njaa iko hivi? Inapanda mpaka kichwani. Nimemwona mfagiaji anatafuna mkate hapo koridoni, kidogo nimrukie."

Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Na wewe ulikaa nayo miezi yote ile. Kwa ajili ya mama. Mimi nikawa nakugongea dirisha na kukucheka." Akanyoosha mkono. "Nisamehe, mjomba."

Nikaushika. Ulikuwa wa baridi. Ningeweza kusema usijali, mwanangu, yameisha, na yangeisha kweli. Tangu Mei nimekuwa hodari wa kunyamaza. Lakini anayekwenda kukatwa ni yeye, na anayeombwa radhi ni mimi. Sikuweza kulimeza hilo.

"Sikukaa nayo," nikasema.

"Nini?"

"Njaa. Nilikuwa nakula. Dukani, njiani, hapa hapa hospitali. Mwili haukukataa kitu. Sikujinyima."

"Lakini suruali..."

"Zilipanuliwa. Nililijua, nikanyamaza."

Alinitazama. Hakukasirika, ningeelewa kama angekasirika. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amenijulia wapi. Sijui kama nilimwambia kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Juzi niliona ni kwake, leo sina hakika.

Akauondoa mkono wake taratibu, akauweka chini ya shuka.

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie. Atakataa kuingia."

"Na akishapona?"

"Nimesema usimwambie, mjomba."

Akageukia ukutani. Nesi akaja na kitanda cha magurudumu. Nikainuka nimsaidie kupanda, akapanda mwenyewe. Wakamsukuma hadi mwisho wa koridoni, milango miwili ikafunguka, ikajifunga. Nikabaki na ndara zake mkononi. Baada ya muda mama yangu akaja na kikapu chake, akaketi kando yangu kwenye benchi, akaniuliza kama nimekula.